Washauri wenzangu wa shule, kazi tunazobebeshwa zinatufanya tujione hatufai

Mama Ushauri (mleta uzi)

Salaam ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe nimelikalia kimya miaka sita.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nasimamia mtihani. Nimekaa mbele ya darasa, bahasha ziko mezani, macho kwa watahiniwa. Katikati ya mtihani nikaona uso wa msichana kwenye kioo cha mlango. Nilimtambua. Siku mbili kabla ya hapo alinisimamisha koridoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, keshokutwa utakuwepo?" Nikamwambia nitakuwepo. Keshokutwa yenyewe ndiyo ilikuwa siku hiyo. Akanitazama, akazitazama bahasha, akageuka akaenda zake. Nilitaka kumfuata, lakini msimamizi haachi chumba. Nikakaa pale mpaka karatasi ya mwisho ilipokusanywa.

Niliporudi ofisini nikakuta kikaratasi kimesukumwa chini ya mlango, kimekunjwa mara nne mpaka kikawa kidogo kama stempu. Ndani mna maneno matatu: "Nilikuja. Si neno."

Siku hiyo hiyo jioni tulikuwa na kikao cha walimu. Mkuu wa shule akanisimamisha mbele ya wenzangu, akasema tangu nishike mimi ratiba ya mitihani hapajatokea vurugu hata mara moja. Walimu wakapiga makofi. Nikatabasamu. Ndugu zangu, nilifurahi kweli, na hilo ndilo lililonitisha nilipofika nyumbani. Kwa dakika kadhaa nilijiona mtu wa maana, na kile kikaratasi kiko mfukoni mwangu.

Tangu siku ile najiuliza: hivi mimi najipima kwa mizani ya nani?

Mtu akisikia mshauri analalamika, hudhani tatizo ni wingi wa kazi. Wingi unachosha, ndiyo, lakini uchovu huo ukilala unapungua. Kinachonila mimi hakipungui kwa usingizi. Kazi ninayoonekana nikiifanya si yangu, na kazi iliyo yangu hakuna anayeiona. Ukiishi hivyo mwaka hadi mwaka unaanza kuamini kwamba ile ya kwanza ndiyo wewe.

Baada ya siku ile nikachukua daftari, nikawa naandika kila nusu saa nilichokifanya kwa wiki nzima. Kuingiza majina ya wanafunzi wapya kwenye kompyuta. Kushika darasa la mwalimu aliyeugua. Kukagua sare getini. Kusaini vibali vya waliochelewa. Kupanga madawati ya mtihani. Kuandika muhtasari wa kamati ya nidhamu. Kushika tena darasa la mwalimu yule yule. Ijumaa nikajumlisha: waliokaa kwenye kiti cha ofisini kwangu, mlango umefungwa, walikuwa wanafunzi watano wiki nzima. Shule yetu ina wanafunzi zaidi ya mia sita.

Sasa tuseme ukweli wa fani yetu. Chama cha Washauri wa Shule cha Marekani, ambacho mwongozo wake wa kitaifa ulitoka mara ya kwanza mwaka 2003, kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na kwamba angalau asilimia 80 ya muda wake iende kwenye huduma kwa wanafunzi, ama uso kwa uso ama kwa kushirikiana na wazazi na walimu wao. Inayobaki, yaani asilimia 20 au pungufu, ndiyo ya kupanga na kusimamia programu yenyewe. Tena wameweka orodha ya kazi zinazomfaa mshauri na zisizomfaa, na mpangilio wake ndio uliogusa moyo wangu, kwa sababu kazi nyingi zimewekwa kwa jozi. Kumwadhibu mwanafunzi si kazi ya mshauri, ila kuzungumza na mwanafunzi aliyeadhibiwa ni kazi yake. Kusaini kibali cha aliyechelewa si kazi yake, ila kukaa na anayechelewa kila siku mkajua kisa ni kazi yake. Kutunza mafaili si kazi yake, kuyasoma na kuyafasiri ni yake. Kuendesha zoezi zima la mitihani si yake, kumweleza mwanafunzi matokeo yake yanasema nini ni yake.

Mnaona? Kila mara ni mwanafunzi yule yule na jambo lile lile. Tofauti ni upande wa meza uliokaa. Nimekaa upande usio wangu miaka sita, na nimeukalia vizuri hadi nikapigiwa makofi.

Naomba tuzungumze. Nyie wenzangu mnajionaje? Si mnafanya nini, hilo tunalijua. Mnajionaje.

Mwalimu wa Zamu

Dada, umeniliza. Mimi si mshauri, nafundisha hisabati, lakini nakiri nimekuwa nikimtuma mshauri wa shule yetu kushika darasa langu kila nikiwa na dharura. Sababu yangu ilikuwa moja tu: "yeye hana vipindi." Sijawahi kujiuliza aliyekuwa anamsubiri mlangoni kwake ni nani.

Nimepita Njia Hiyo

Hapo kwenye "hana vipindi" ndipo penyewe hasa. Nendeni mkaangalie ratiba kuu ukutani kwenye ofisi ya walimu. Kila mwalimu ana visanduku vyake vimejaa, hesabu hapa, sayansi pale. Mstari wa mshauri ni mweupe kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho. Anayepanga zamu akitafuta mtu huangalia penye weupe. Hana nia mbaya. Karatasi ndiyo inayomwambia kwamba huyu hafanyi kitu.

Na wewe mwenyewe unapita mbele ya karatasi hiyo kila asubuhi. Mwaka wa kwanza unacheka. Mwaka wa nne unaanza kuiamini.

Mhadhiri Mstaafu

Mleta uzi, nimefundisha washauri darasani kwa muda mrefu, naomba niongeze jambo moja linalochanganywa sana.

Kuna kujithamini na kuna kuamini kwamba unaiweza kazi. Si kitu kimoja. Kipimo cha kujithamini kinachotumika zaidi duniani ni cha Morris Rosenberg, cha mwaka 1965, chenye sentensi 10 tu. Hakuna hata moja inayouliza habari za kazi. Zinauliza kama mtu anajiona ana thamani sawa na wengine, kama kuna wakati hujiona hana faida, mambo ya namna hiyo. Hii ya pili, kuamini kwamba unaweza, aliyeieleza vizuri ni Albert Bandura mwaka 1977. Alisema imani hiyo hulishwa na mambo manne: kufanya jambo mwenyewe likafaulu, kumwona mtu kama wewe akilifaulu, kuambiwa na mtu unayemwamini kwamba unaweza, na hali ya mwili na moyo wako unapoifanya kazi.

Sasa chukueni hayo manne mkayaweke kwenye ofisi ya mshauri wa shule.

Kufaulu: mtoto uliyemsaidia leo, matunda yake huenda yakaonekana baada ya miaka, naye keshaondoka shuleni. Mwalimu wa somo ana alama za mwisho wa muhula. Wewe una nini mkononi? Kumwona mwenzako: shule nyingi zina mshauri mmoja, hana wa kumtazama. Kuambiwa: sifa zinakuja, lakini kama alivyosema mleta uzi, zinakuja kwa ratiba ya mitihani. Na hali ya mwili: anayetoka getini kukagua sare, akapita darasani kushika kipindi, akafika kwa mtoto anayelia akiwa anahema, atajisikiaje?

Kwa hiyo imani ya kuweza inanyauka kwanza. Kujithamini hufuata polepole, hasa kwa mtu ambaye kazi hii aliichagua kwa moyo. Ukiwa umejiambia tangu ujana kwamba wewe ni msaada wa watoto, halafu miaka inapita husaidii, huwezi kusema kazi ndiyo imeharibika. Unasema nimeharibika mimi.

Jambo la mwisho. Mwaka 1981 Rosenberg huyo huyo pamoja na McCullough waliandika kuhusu hali ya mtu kujiona anahesabika kwa wengine: kwamba anaangaliwa, kwamba hali yake inawahusu, kwamba wanamtegemea. Waliandika kuhusu vijana, lakini mimi huiona kwa washauri. Mshauri aliyegeuzwa karani anategemewa kweli. Asipokuja siku moja shule inayumba. Ndiyo maana ni vigumu kwake kulalamika, kwa sababu kuhesabika anahesabika. Tatizo ni anahesabika kwa lipi.

Mama Ushauri (mleta uzi)

Mwalimu wangu, shikamoo. Hapo mwisho umenifunulia kitu ambacho sikuwa na maneno yake. Naogopa kuacha ratiba ya mitihani. Nikiiacha, watanikumbuka kwa lipi?

Mkuu Mmoja wa Shule

Nimesoma yote kwa utulivu. Naomba nami nisikilizwe bila kushambuliwa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nina walimu wachache kuliko madarasa. Mwalimu akiugua, wanafunzi arobaini wako darasani peke yao na lolote likitokea nitaulizwa mimi. Mwalimu wa hisabati naye anasimamia mtihani, anashika zamu, anasimama getini. Hakuna anayefundisha tu. Kwa nini mshauri peke yake awe na mlango usioguswa? Na niseme la kweli: mkijifungia ndani, mimi sijui mnafanya nini. Siletewi taarifa. Nikiuliza naambiwa ni siri. Nitaiteteaje kazi ambayo siijui mbele ya bodi?

Mama Ushauri (mleta uzi)

Mkuu, asante kwa kuja. Hujashambuliwa na hutashambuliwa.

Kuhusu kushika zamu, nakubaliana na wewe. Hata mwongozo ule nilioutaja unakubali kwamba mshauri abebe sehemu yake ya haki katika kazi zinazowahusu wote. Zamu yangu ya geti ikija, nitasimama. Lakini sehemu ya haki maana yake ni sawa na ya mwenzangu. Mwalimu wa hisabati akisimamia mtihani, kipindi chake cha hisabati hakifutwi daima. Kitafidiwa, kwa sababu kipo kwenye ratiba na silabasi inamdai. Changu kikifutwa hakuna anayedai. Yule aliyekuja mlangoni alidai kwa maneno matatu kisha akanyamaza.

Na kuna historia hapa. Frank Parsons alipofungua ofisi yake ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi kule Boston mwaka 1908, na shule zikaanza kuiga, ushauri haukuingia shuleni kama kazi yenye mtu wake. Ulipachikwa juu ya walimu waliokuwepo, bila kupunguziwa vipindi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, tabia ile ya kupachika bado ipo, ila imegeuka. Zamani mwalimu aliongezewa ushauri. Siku hizi mshauri anaongezewa kila kitu kingine.

Kuhusu siri, hapo umesema kweli na imeniuma, maana kosa ni letu. Siri ni ya mtoto na maneno yake. Idadi si siri. Saa nilizotumia si siri. Aina ya mambo kwa ujumla wake, migogoro ya nyumbani, hofu ya mitihani, kuonewa na wenzao, si siri ikiwa hakuna wa kutambulika, na kwa shule ndogo hapo inabidi kuwa mwangalifu zaidi. Tumejificha nyuma ya usiri mpaka tukajificha sisi wenyewe. Sijawahi kukuandikia, namaanisha sijawahi kumwandikia mkuu wangu, hata ukurasa mmoja.

Mkuu Mmoja wa Shule

Ukurasa mmoja kwa mwezi ningeusoma. Nasema kweli.

Kaka Nasaha

Mimi nataka kuzungumzia kamati ya nidhamu, kwa sababu naona limepitwa haraka.

Shuleni kwangu mimi ndiye mshauri na mimi ndiye katibu wa nidhamu. Kijana mmoja alinifungukia mambo ya nyumbani kwao, mazito, kwa zaidi ya saa nzima. Siku ya nne akaletwa kwenye kamati kwa kupigana. Nimekaa upande wa pili wa meza, kalamu mkononi, naandika makosa yake. Aliponiona alishtuka kidogo tu, kisha uso wake ukafunga. Nimeuona ukifunga. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kujieleza, akasema hana. Mimi nilikuwa najua analo. Nilijua hasa kwa nini alipigana. Nisiposema, ninamwacha aangamie. Nikisema, nimetoa siri yake mbele ya watu watano. Nikaandika: "Mwanafunzi hana maelezo."

Sentensi ile niliiandika kwa mwandiko wangu. Hakurudi ofisini kwangu tena, na wenzake wanne niliokuwa nao kwenye kikundi nao wakaacha kuja mmoja mmoja.

Njia mbili zilimshinda fisi. Kazi za karani zinakula muda wako, hilo naelewa. Kazi ya nidhamu inakula jina lako. Ukipewa nafasi ya kuondoa jambo moja tu kwenye orodha yako, anza na hilo.

Mwanakimya

Kaka, pole sana.

Nami niseme la upande mwingine, kwa sababu msije mkadhani mkiondolewa fomu na mageti basi moyo utatulia. Mimi nipo shule ambayo kazi yangu ni ushauri mtupu. Sishiki darasa, siingizi majina, mkuu wangu ananiheshimu. Na bado kuna kipindi nilijiona sifai kitu. Kisa ni kwamba nilikuwa napokea wanafunzi tisa, kumi kwa siku, mmoja akitoka mwingine anaingia, na kila nilichosikia nilikwenda nacho nyumbani. Sikuwa na mtu mwenye taaluma hii wa kukaa naye na kupitia kesi zangu. Nikaanza kusahau majina. Siku moja mtoto alikuwa analia mbele yangu nami natazama saa.

Christina Maslach na mwenzake Jackson walipotengeneza kipimo chao cha uchovu wa kazi mwaka 1981 waliugawa katika sehemu tatu: moyo kukaukiwa, kuanza kuwaona watu kama vitu, na kujiona hujafanikisha chochote. Nilipoyasoma nilijiona mwenyewe kwa mpangilio huo huo. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeutaja uchovu huu kama jambo linalotokana na kazi, si ugonjwa wa mtu. Mstari huo ulinisaidia kuliko mawaidha yote niliyopewa ya kupumzika na kunywa maji. Kumbe tatizo halikuwa udhaifu wangu.

Kilichonirudisha ni mshauri mwenzangu wa shule nyingine. Tunapigiana simu kila wiki mbili, tunapitia kesi bila majina wala dalili za kumtambulisha mtu. Yeye huniuliza, "Ulifanya nini hapo?" Nikimjibu, najisikia nikisema mambo ambayo kumbe niliyafanya vizuri. Mhadhiri ametaja kumwona mtu kama wewe akifaulu. Mimi nimeipata kwenye simu.

Mwalimu wa Zamu

Naomba kuuliza, samahani kama si mahali pake. Yule msichana wa kikaratasi, vipi?

Mama Ushauri (mleta uzi)

Kesho yake asubuhi nilimsubiri, si ofisini, pale pale koridoni alipokuwa amenisimamisha. Nilimwomba radhi. Tumekaa mara mbili tangu hapo. Zaidi ya hayo siwezi kusema humu, naomba unielewe.

Mgeni Kazini

Shikamooni wote. Nina miezi minne tu kwenye kazi hii. Nimesoma uzi wote usiku huu na nimeogopa, lakini pia nimepumua, kwa sababu nilidhani ni mimi peke yangu. Tayari nimepewa rejista ya mahudhurio ya shule nzima, na juzi nimeambiwa nitasimamia usafi wa mabweni. Nilikubali yote, nikijua nikikataa nitaonekana mvivu. Naomba msaada: mtu anaanzia wapi kusema hapana bila kuharibu uhusiano? Na lile daftari la mleta uzi, uliligawa vipi?

Nimepita Njia Hiyo

Marahaba, mdogo wangu. Usianze na hapana. Ukianza na hapana utakuwa umeanza vita ambavyo huna silaha zake. Anza na swali. Mwendee mkuu na orodha ya vyote ulivyopewa, umwambie: "Saa zangu kwa wiki ni hizi, kazi nilizonazo ni hizi, hazitoshei. Naomba unipangie zipi zitangulie." Anapopanga yeye, anauona mzigo kwa mara ya kwanza. Wakuu wengi hawajui, maana kila kazi uliletewa na mtu tofauti kwa siku tofauti, kila mmoja akidhani ni hiyo moja tu.

Na usipeleke tatizo mikono mitupu. Ukitaka kuachia rejista, uwe umefikiria nani anaweza kuishika na itachukua muda gani kumwelekeza.

Mama Ushauri (mleta uzi)

Mgeni, karibu sana, na usiogope. Miezi minne ni mapema, bado hujapigiwa makofi ya kitu kisicho chako.

Daftari langu lina safu nne. Ya kwanza saa. Ya pili nilichofanya. Ya tatu nimeandika tu M au K: M ni jambo la mwanafunzi, hata kama nilikuwa na mzazi wake au mwalimu wake, K ni kazi ya kuendesha shule. Ya nne ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, na hiyo niliiongeza wiki ya pili: nani alinikosa wakati ule. Mara nyingi naiacha wazi kwa sababu sijui. Lakini nikijua naandika "mmoja alikuja akakuta mlango umefungwa", bila jina. Ukishaona safu hiyo inajaa, hutahitaji kujieleza sana mbele ya mkuu wako.

Tahadhari moja: usiliache daftari hilo mezani. Hata bila majina, watoto wanajuana.

Na lile la kuonekana mvivu, nalijua. Nimeishi nalo. Sasa hivi najizoeza kila jioni kabla ya kufunga ofisi kuandika mstari mmoja wa kazi yangu hasa niliyoifanya siku hiyo, hata kama ilikuwa dakika kumi. Juzi niliandika: "Leo nilinyamaza wakati wa kunyamaza." Hakuna atakayenipigia makofi kwa hilo. Najifunza kulihesabu mwenyewe.

Kaka Nasaha

Mstari huo nimeunakili.

Mama Ushauri (mleta uzi)

Wapendwa, narudi na taarifa kama nilivyowaahidi baadhi yenu kwa ujumbe. Jana nilikaa na mkuu wangu kwa dakika arobaini. Nilikwenda na daftari la wiki tatu, na ukurasa mmoja wa idadi na aina za mambo, bila chochote cha kumtambulisha mtoto.

Alisoma safu ya nne mara mbili. Aliniuliza, "Hawa wote walirudi?" Nikamwambia wawili sijawaona tena. Akakaa kimya.

Tulichokubaliana: ratiba ya mitihani nitamkabidhi mwalimu mwingine muhula ujao, na muhula huu nitamwelekeza. Niliposaini karatasi ya makabidhiano mkono ulinitetemeka, sitawaficha. Kuingiza majina kutahamia ofisi ya karani. Kushika madarasa kutaendelea, ila kwa zamu sawa na wengine, isiwe mimi kwanza kila mara. Kamati ya nidhamu hakukubali kuniondoa. Alisema hana mtu mwingine anayeandika vizuri. Nilimsimulia kisa cha Kaka, bila kusema nimekipata wapi, akasema atafikiri. Tutakutana tena mwisho wa muhula, na hilo ndilo litakuwa la kwanza.

Lakini kuna moja hakulikataa. Leo asubuhi nilipoingia ofisi ya walimu nimekuta ratiba mpya ukutani. Kwenye mstari wangu kuna visanduku vinne kila siku, vimepakwa rangi ya kijani, vimeandikwa "Ushauri". Mwalimu mmoja alikuwa anatafuta wa kumshikia kipindi cha tatu. Kidole chake kilipita kwenye mstari wangu, kikafika kwenye kijani, kikaendelea chini.